Tutengeneze au Tubadilishe?

Noah yetu ilichemka njiani. Kumbe nyumbani nako palikuwa panachemka siku nyingi.

Mpenzi msomaji, ukurasa huu nilikuwa nimeupangia habari nyingine kabisa: namna ya kupamba sebule ndogo ionekane kubwa. Picha zilikuwa tayari na mpiga picha keshalipwa. Lakini kila nikikaa kuandika, mawazo yananirudisha kwenye injini. Ndiyo, injini ya gari. Basi nikaona bora nilitoe hili jambo kifuani, maana naamini siko peke yangu. Baba watoto ameisoma makala hii kabla yako. Alicheka sehemu mbili, sehemu moja akanyamaza, halafu akasema, "Iandike tu."

Tunakaa Kisongo, nje kidogo ya jiji la Arusha, ukishaupita uwanja mdogo wa ndege kwenye barabara ya kwenda Makuyuni. Kama umewahi kupita Jumatano, siku ya mnada, unapajua: mashuka mekundu, mbuzi, vumbi na simu zinalia kila kona. Mimi asubuhi napanda kifodi kwenda ofisini mjini, yeye anabaki na Noah. Hiyo Noah ndiyo shamba letu. Aliacha ajira miaka minne iliyopita tukainunua, akaanza kubeba wanafunzi, abiria wa kukodi, na siku ya mnada akina mama wenye marobota ya mitumba. Mshahara wangu unalipa kodi ya nyumba na chakula. Noah inalipa ada za watoto wetu wawili. Ikilala, ada nayo inalala.

Madumu sita ya maji

Ilikuwa Jumapili jioni, tunatoka Mto wa Mbu kwenye kipaimara cha mtoto wa dada yangu. Nyuma watoto wamelala juu ya mikungu ya ndizi, mbele mimi na mume wangu tunasikiliza redio. Tulishapita Makuyuni, Meserani bado. Nikaona kiti kinaniunguza mapaja, nikadhani ni jua la nyanda zile.

Hapa nikufafanulie kidogo. Hizi Noah za toleo la kwanza, zilizotengenezwa Japani kati ya mwaka 1996 na 2001, injini yake haiko mbele kama gari nyingine. Iko chini ya viti vya mbele. Yaani dereva na mwenzake wameikalia.

Ghafla mvuke ukafoka, gari likapoteza nguvu, mume wangu akaegesha pembeni. Kijana mmoja wa Kimasai aliyekuwa anachunga akaja mbio, akaweka jiwe nyuma ya tairi bila hata kuombwa. Mume wangu akaenda nyuma, akafunua chini ya kiti cha mwisho, akatoa dumu la maji la lita tano. Akatoa la pili. La tatu. Yalikuwa sita, yote yamejaa hadi shingoni.

"Baba, maji yote haya ya nini?"

"Tahadhari."

"Tahadhari ya lita thelathini?"

Hakunijibu. Akafunua, akaanza kumimina maji ya baridi kwenye injini iliyokuwa bado inatokota. Nami sikujua wakati ule kwamba hilo ni kosa jingine. Gari halikuwaka tena. Usiku tulivutwa kwa kamba na Canter iliyokuwa inarudi mjini tupu, tukafika nyumbani saa nne, watoto wanalia njaa huku wamezungukwa na ndizi mbichi.

Nilipomaliza kuwalaza nikamkuta amekaa kibarazani gizani. Ndipo aliponiambia. Gari lilikuwa linachemka kwa wiki tano. Mara ya kwanza fundi wa barabarani alimng'olea themostati, "ili injini ipate baridi." Mara ya pili wakamimina dawa ya kuziba matundu ya rejeta. Alishatumia kama laki tatu. Wiki tano nzima, mpenzi msomaji, mume wangu anaamka saa kumi na moja alfajiri, anajaza madumu, anayaficha chini ya kiti, halafu anakuja kuniamsha kwa chai.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungesema nimeshindwa."

"Hii injini imekwisha, mama"

Kesho yake akaja fundi wa jirani. Akafunua kiti changu, akachomoa kijiti cha kupimia oili, akanionyesha. Oili ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. "Unaona? Maji yameingia kwenye oili. Hii injini imekwisha, mama. Tafuta nyingine." Hakuvunja kitu, hakupima kitu. Dakika kumi tu. Na bahati nzuri eti alikuwa na jamaa yake mjini mwenye injini kutoka Japani, 3S kama yetu, shilingi 2,200,000, kufunga ni 250,000 juu.

Mume wangu akakubali palepale, haraka mno. Baadaye ndipo nilipoelewa kwa nini. Injini mpya inafuta historia. Ukibadilisha, hakuna atakayeuliza tena habari za madumu.

Nikamuuliza hela itatoka wapi. Akasema kuna mtu anakopesha, unaacha kadi ya gari, unarudisha kila siku. Hii mikopo unaijua, watu wanaiita kausha damu. Jina hilo halikutoka hewani. Ukichelewa siku chache, riba inazaa riba, na kadi ya gari haiko mkononi mwako.

Nikasema hapana. Akasema, "Basi lete wewe."

Na hapo ndipo ilipofika zamu yangu, maana nilikuwa nayo.

Akiba yangu ya siri

Nilikuwa na shilingi 2,600,000 kwenye kikundi cha vikoba cha wanawake tunaofanya nao kazi mjini. Miaka mitatu naweka kila mwezi. Mume wangu hakuwa anajua hata shilingi moja. Mama yangu alibaki mjane akiwa na miaka thelathini na minne, ndugu wa baba wakabeba hadi vijiko. Tangu nilipovunja ungo aliniimbia wimbo mmoja: mwanamke asikose akiba ambayo mume haijui. Nikaufuata bila kujiuliza kama mume niliyempata mimi ndiye yule mama aliyekuwa anamwogopa.

Usiku wa pili nikamwambia. Nilidhani atashukuru, kwa sababu hela imepatikana. Kumbe nilikuwa najidanganya. Alinyamaza muda mrefu, akauliza swali moja tu:

"Ulikuwa unaziweka ili siku moja uniache?"

Nikataka kusema hapana. Mdomo ukawa mzito. Nikasema, "Sijui." Akaingia ndani, akalala na nguo.

Hii ndiyo sehemu aliyoinyamazia aliposoma. Nimeiacha kama ilivyo.

Siku mbili zilizofuata nyumba yetu ilikuwa kama chumba cha kusubiri hospitali. Tunaongea kupitia watoto. "Mwambie baba chakula tayari." "Mwambie mama nimeshiba." Nami nikawaza mambo mengi, na moja niliwaza kwa aibu: kadi ya gari ina jina lake peke yake. Nikiingiza akiba yangu mle, ni ya nani?

Kwa faida ya msomaji wa kike ambaye amewahi kujiuliza hivyo: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamruhusu mke kuwa na mali yake mwenyewe, na ndoa ikivunjika mahakama ina uwezo wa kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja. Mwaka 1983, kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Seif, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilisema kazi za nyumbani za mke nazo zinahesabika kama mchango. Kwa hiyo jina kwenye kadi si mwisho wa maneno. Lakini pia elewa, kama mtu ameshafikia kuhesabu mahakama wakati gari liko uani, tatizo lake si gari.

Mzee aliyeuliza swali tofauti

Siku ya tatu nikapata wazo la kitoto tu. Nikamwambia mume wangu: kabla ya shilingi yoyote kutoka, tutafute mtu wa pili aiangalie. Akikubaliana na yule wa kwanza, nitatoa hela bila neno. Akakubali, nadhani kwa uchovu.

Tukaelekezwa kwa mzee mmoja, fundi wa siku nyingi, mtu wa maneno machache. Alikuja na kifodi, kabeba mfuko wa spana. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa chini akaanza kuuliza. Ilianza kuchemka lini? Mlimani au hata tambarare? Maji yalikuwa yanapungua bila kuvuja chini? Mlikuwa mnaweka maji matupu au kulanti? Baada ya oili kubadilika rangi, mliendesha kilomita ngapi?

Mume wangu alijibu yote, mbele yangu, bila kuficha. Naweza kusema ndiyo mara ya kwanza nilisikia hadithi nzima kwa mpangilio.

Halafu mzee akafungua plagi, akafunga kipimo cha kompresheni, akapima silinda moja baada ya nyingine. Ya kwanza na ya nne zilikuwa vizuri. Ya pili na ya tatu, zinazokaa jirani, zote zilikuwa chini. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeona alichokitegemea. Akasema gasketi ya silinda hedi imeungua katikati ya hizo mbili. Kesho yake akaifungua hedi, akaweka rula ya chuma juu yake, mwanga ukapita chini. Imepinda. Hedi za injini hizi ni za aluminiamu, na aluminiamu ikizidiwa na joto hupinda, hasa ukiimwagia maji ya baridi ikiwa bado moto. Mume wangu akatazama chini.

Lakini blok, ambalo ni la chuma, lilikuwa zima. Kuta za silinda hazina mikwaruzo. Akafungua na sampu chini, akaangalia beringi. Zimepona, kwa sababu gari lilizima siku ileile oili ilipoharibika, halikuendeshwa tena.

Mimi nikamuuliza lile swali letu: "Kwa hiyo mzee, tutengeneze au tubadilishe?"

Akafuta mikono. "Mwanangu, hilo ni swali la pili. La kwanza ni nini kimeichemsha."

Akaitoa rejeta, akamimina maji juu. Yakatoka chini kwa kudondoka, tone, tone. Zaidi ya nusu ya mirija ilikuwa imeziba, kwa kutu ya miaka ya maji matupu, na ile dawa ya kuzibia matundu ikamalizia. Themostati haipo. Pampu ya maji inavuja kwenye shafti.

"Mngefunga injini ya milioni mbili kwenye rejeta hii," akasema, "nayo ingechemka. Mngekuja kusema injini za Japani siku hizi ni mbovu."

Wapenzi wasomaji, nilikaa pale kwenye kindoo nikajisikia kama nimepigwa kofi la upole.

Kwa wenzetu wa ziwani

Mdogo wake mume wangu ni mvuvi, yuko Mwanza. Usiku ule tukampigia, simu tukaiweka katikati ya meza. Yeye mwaka jana alikabiliwa na swali hilohilo kwa injini ya boti, akaamua kinyume: akanunua nyingine.

"Shemeji," akaniambia, "nyie huko injini ikizima mnaweka jiwe nyuma ya tairi. Huku ziwani jiwe unaliweka wapi?"

Tukacheka sote watatu, kicheko cha kwanza wiki hiyo. Kisha akatueleza hesabu yake. Injini ya boti haina rejeta. Inanyonya maji ya ziwa kwa pampu yenye kipande cha mpira, yanapita ndani kuipoza, mengine yanatoka nyuma kama mchirizi mwembamba. Mvuvi mwenye akili hageuki nyuma kuangalia mawimbi tu, anaangalia na ule mchirizi. Ukikatika, unazima hapohapo, unaangalia kama takataka zimeziba au mpira umechoka. Mpira ni bei ndogo. Ukijifanya hukuona, unanunua pistoni.

Ya kwake ya zamani ilikuwa imeshafunguliwa mara tatu kwa tatizo lilelile la kukosa kompresheni, ringi na pistoni zimebadilishwa, na mara ya mwisho ilizima upepo ukiwa unavuma, vijana wanne ndani. Walirudi kwa makasia usiku kucha. "Hesabu ya spea bado ilikuwa inalipa kutengeneza," akasema. "Lakini vijana wale wana mama zao." Akanunua mpya, ya zamani akaibakiza kuwa spea.

Unaona? Swali ni moja, majibu mawili, na yote mawili ni sahihi. Kwake, tatizo lilikuwa mwili wa injini wenyewe umechoka, na gharama ya kuzima ni roho za watu. Kwetu, mwili ulikuwa mzima, kilichokuwa kibovu ni kile kinachoupoza.

Hesabu mezani

Tukachukua daftari la mtoto la hesabu, tukaandika. Kuchonga hedi kwa fundi wa mashine, gasketi na bolti zake, rejeta nyingine, themostati, pampu ya maji, taiming belti kwa kuwa tunafungua hukohuko, oili, kulanti na ufundi: 980,000. Kununua injini na kuifunga: 2,450,000, na bado rejeta na themostati tungezihitaji. Siku za kulala: kutengeneza siku kumi na moja, kubadilisha siku nne.

Mume wangu bado alikuwa anasita. "Nimeshaingiza laki tatu kwenye hii injini," akasema, "naogopa kuongeza." Nikakumbuka kitu nilichosoma chuoni. Mwaka 1985 watafiti wawili wa Marekani, Hal Arkes na Catherine Blumer, waliuza tiketi za msimu za maonyesho ya jukwaani, wengine kwa bei kamili, wengine kwa punguzo bila kutarajia. Waliolipa zaidi walihudhuria zaidi katika nusu ya kwanza ya msimu, ingawa maonyesho yalikuwa yaleyale kwa wote. Hela iliyokwisha kutoka inaendelea kutuamulia mambo, wakati hairudi tukifanya hivi au vile. Laki tatu zilikuwa zimekwenda, tutengeneze au tubadilishe. Cha kuuliza ni shilingi inayofuata itanunua nini.

Ngoja niseme na hili, maana najua kuna mtu anasoma akiwa na swali jingine kichwani. "Nimeshavumilia miaka kumi, siwezi kuondoka sasa." Hiyo ni laki tatu yako. Miaka kumi imepita, ukae au uondoke. Jiulize mwaka wa kumi na moja utakuwaje, na kama kile kinachowachemsha kimeguswa au bado. Na kama ndani ya nyumba kuna kipigo, hapo si pa kutafuta fundi wa pili. Nenda dawati la jinsia kwenye kituo cha polisi, au kwa mtu unayemwamini, leo.

Tukaamua kutengeneza. Tukaweka na mpaka, tukauandika chini ya hesabu, tukasaini wote wawili kama watoto: ikichemka tena kwa sababu ya injini yenyewe, hatufungui mara ya pili. Tunabadilisha au tunauza.

Kabla hujatoa hela, jiulize haya

*Nini kimeiua?* Kama fundi hawezi kukuambia chanzo, hajamaliza kazi yake. Oili haikubadilishwa? Rejeta imeziba? Belti ilikatika? Chanzo kikibaki, hata injini mpya haitafika mbali.

*Imepimwa au imetazamwa?* Dai kipimo cha kompresheni kwa kila silinda. Moshi nao unasema: wa bluu, injini inakula oili; mweupe usioisha huku maji yanapungua, maji yanaingia kwenye silinda; mweusi, petroli inayoungua ni nyingi mno.

*Mwili ni mzima?* Blok likipasuka, kuta za silinda zikichubuka vibaya au krenkishafti ikila, hesabu ya kutengeneza inapanda haraka. Hapo kubadilisha kunaanza kuwa na maana.

*Tatizo hilihili limetengenezwa mara ngapi?* Mara ya kwanza ni tatizo. Mara ya tatu ni tabia.

*Injini ya mtumba umeisikia ikiwaka?* Usinunue kwa macho. Iwashwe au ipimwe, hakikisha namba ya aina yake inalingana na gari lako, dai risiti, nyaraka za ilikotoka na muda wa dhamana kwa maandishi. Na kumbuka kadi ya gari ina namba ya injini. Ukiibadilisha, peleka taarifa TRA ili kadi ilingane na kilichopo, usije ukahangaika siku ya kuuza au ukisimamishwa njiani.

*Ikizima, itazima wapi?* Anayekwenda sokoni na anayekwenda katikati ya ziwa hawana hesabu moja.

*Nani mwingine anajua?* Hili nimeliongeza mimi. Kama mwenzako hajui gari linachemka, nawe huwezi kulitengeneza vizuri, kwa sababu nusu ya nguvu yako inaishia kwenye kuficha.

Mshale katikati

Huu ni mwezi wa nane. Noah imeshakwenda Karatu, Namanga na Moshi, na mshale wa joto unakaa katikati kama umechorwa. Hela iliyobaki iko kwenye vikoba, kwa jina langu, na mume wangu anajua ni kiasi gani. Mama yangu nilipomwambia alinuna. "Umeshajivua nguo," akasema. Simlaumu. Yeye alinyang'anywa vijiko.

Kila Jumapili jioni, kabla watoto hawajaoga, tunafunua kile kiti changu. Yeye anaangalia oili na kulanti, injini ikiwa baridi, mimi nashika tochi. Halafu tunakaa kibarazani na daftari, tunapitia hesabu ya wiki: Noah imeingiza nini, mshahara umekwenda wapi, nani anadaiwa. Siku nyingine tunagombana. Lakini tunagombana kwa namba zilizo mezani, na madumu ya nyuma sasa yamebaki mawili, ya kunawa mikono.

Lile swali lake bado lipo. Nilimjibu "sijui", na sikusema uongo. Mwezi uliopita, tukiwa tunafunga kiti, nikamwambia kwamba siku hizi nikiweka hela ya vikoba nawaza kiwanja, na kwenye hicho kiwanja tuko wote wanne. Hakusema kitu. Akachukua tochi mkononi mwangu, akaizima, akasema, "Twende tukale."

Ya sebule ndogo nitawaletea mwezi ujao, nikijaliwa. Kwa leo, mpenzi msomaji, nenda kaangalie maji ya gari lako. Na kama kuna dumu umelificha chini ya kiti, lako au la mwenzako, litoeni mkiwa bado nyumbani.